Zizi la Kioo

Mtu anayefuga kobe wa maji mmoja haishi kuulizwa mbona amemwacha peke yake. Wageni huinama mbele ya tangi la kioo, wakamtazama mnyama akipiga makasia kutoka pembe hii hadi ile, kisha wakatoa hukumu: maskini, ana upweke huyu. Huruma hiyo ndiyo inayowapeleka wengi dukani kumtafutia mwenzake. Miezi ikipita, mkia wa mmoja unaonekana na kidonda, mguu wa nyuma umekwanguka, na wenyewe wanabaki kushangaa. Tumemletea rafiki, imekuwaje tena?

Kwetu, hapa Houston katika jimbo la Texas, walikuja wakiwa wawili tayari. Jirani aliyekuwa akihamia jimbo jingine alituachia pamoja na tangi lao, pampu ya kuchuja maji, taa na kijukwaa kimoja cha plastiki cha kuotea jua. Mwanangu akawapa majina siku hiyohiyo: mmoja Simba, wa pili Yanga, kama zile timu mbili hasimu za mpira za nyumbani Tanzania. Baba yake alicheka hadi akakaa chini, nami nikajua tumejitafutia kesi. Humu sitasema yupi ni Simba na yupi ni Yanga. Nina ndugu pande zote mbili na bado napenda kukaribishwa chai kwao. Tuwaite dume na jike, inatosha.

Ni kobe wa aina inayojulikana sana duniani, wenye mstari mwekundu nyuma ya kila jicho. Wanasayansi huwaita Trachemys scripta elegans. Asili yao ni bonde la mto Mississippi na mito mingine inayomwaga maji Ghuba ya Meksiko, Texas ikiwemo. Wanapendwa wakiwa vitoto vya kijani vinavyoenea kiganjani, ingawa sheria ya Marekani tangu 1975 inakataza kuuza kobe mwenye gamba lisilofika inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa sababu ya salmonela iliyokuwa ikiwapata watoto waliowachezea na hata kuwatia mdomoni. Anayekinunua kitoto hicho haoni kwamba jike akikomaa gamba lake linaweza kupita sentimita 25, na kwamba akitunzwa vizuri ataishi miaka 20, 30, pengine zaidi. Wafugaji wana kanuni yao ya kukadiria: kila inchi ya gamba idai galoni 10 za maji. Ukipiga hesabu, jike mmoja wa sentimita 25 anataka tangi la lita 380 hivi. Tangi tulilorithi lilikuwa la lita 150, na ndani yake walikaa wawili.

Ugomvi wa kobe hauna kelele. Mbwa wakigombana mtaa mzima unajua. Kobe hugombana kimya, tena kwa vitendo ambavyo binadamu huvisoma kinyume. Dume ana kucha ndefu za miguu ya mbele, ndefu kuliko za jike. Wetu alikuwa akiogelea kinyumenyume mbele ya mwenzake, uso kwa uso, akinyoosha mikono na kuzitetemesha kucha zile mashavuni mwake. Watoto walisema anampungia. Wageni walisema anambembeleza, na hapo waliukaribia ukweli, maana ndivyo dume anavyomposa jike. Lakini posa isiyokoma, katika chumba kisicho na mlango, ni mateso. Jike aligeukia pembeni, dume akamzunguka. Akazama chini, dume akamfuata. Akajibanza nyuma ya pampu, dume akamsubiri hapohapo. Kobe wachanga nao hutetemesha kucha vivyo hivyo kabla hawajafikia umri wa kuzaa. Kwao ni namna ya kuambizana nani mkubwa.

Kisha kulikuwa na kijukwaa. Asubuhi taa ikiwaka, jike, ambaye ndiye mkubwa wa mwili, alipanda kwanza na kunyoosha miguu ya nyuma, vidole vyote vimetanuka ili ngozi ya kati nayo ipate joto. Dume akija, alipanda juu ya mgongo wake. Tulipiga picha tukaituma kwenye grupu la ukoo na majibu yakawa mioyo myekundu mitupu: wanapendana hao! Ukikaa ukatazama bila simu mkononi unaona jambo jingine. Aliye chini hapati mwanga. Umezibwa na tumbo la mwenzake. Atavumilia, atachezesha mguu, mwisho atateleza majini, na wa juu atabaki na jua lote. Zamu nyingine mkubwa alimsukuma mdogo kwa ukingo wa gamba, taratibu, bila papara, mpaka akatumbukia.

Kuota jua kwao si anasa. Kobe hana joto lake mwenyewe la mwili, analipata nje. Bila joto chakula hakisagiki tumboni, na bila mionzi ya UVB mwili hautengenezi vitamini D, gamba linalegea. Kwa hiyo wanapogombea kile kipande cha plastiki wanagombea afya, na ukubwa wa mgogoro unalingana na thamani ya kinachogombewa.

Kikafika kipindi cha utulivu. Kusukumana kukaisha, kufukuzana kukapungua, nyumba nzima tukasema sasa wamezoeana. Mwanangu ndiye aliyegundua kwamba dume hapandi tena kwenye kijukwaa. Alikuwa anashinda chini, kwenye kona yenye kivuli, na chakula alikifuata baada ya mwenzake kushiba. Vita vilikuwa vimeisha kwa sababu mmoja ameshindwa. Haikupita muda jike alimkamata mguu wa nyuma wakati wa kula, na hakuuachia upesi.

Daktari wa wanyama tuliyempelekea, mama mmoja mtu mzima mwenye subira, alisafisha kidonda kwa iodini iliyozimuliwa. Akatuagiza dume akae mahali pakavu penye joto, aingizwe majini kwa muda kila siku ili anywe na ale, kwa kuwa kobe hawa hawawezi kumeza wakiwa nje ya maji. Mume wangu akauliza lini tutaweza kuwarudisha pamoja wazoeane. Yule mama akaweka pamba chini, akamtazama.

"Wazoeane kwa faida ya nani?"

Alitueleza kwamba hawa si wanyama wa kundi. Mama yao hutaga mayai, huyafukia, huenda zake. Kitoto kikitoka ardhini hakimjui mzazi wala ndugu. Kumpa kobe mwenzake ni kutibu upweke ambao unamsumbua mwenye nyumba. Kama tunataka kuwaweka pamoja kwa sababu hatuna nafasi, hilo ni jambo la kweli na tuliseme hivyo, lakini tusilibebeshe jina la urafiki.

Mengi ya aliyotuelekeza yalikuwa ya ufundi, na karibu yote yalihusu tangi, siyo kobe. Taa ya pili na kijukwaa cha pili, kila kimoja mwisho wake wa tangi, ili mmoja asiweze kuvilinda vyote. Kipande cha gogo na mawe makubwa katikati, ili anayefukuzwa aweze kupotea machoni; kobe asiyeonekana hafukuzwi. Chakula kitolewe katika mabeseni tofauti, kila mmoja na lake. Maji yasizidi nyuzi 27 au hapo karibu, chujio lisafishwe, maana maji machafu humsumbua hata aliye mpole. Tangi lenyewe liongezwe ukubwa. Kama baada ya hayo yote bado wanaumizana, watenganishwe moja kwa moja, kila mmoja na maji yake, na hapo habari iishe.

Tuliongeza, tukapanga, tukapangua. Ugomvi ulipungua sana, kisha ukabaki pale pale: dume hakuacha kumsumbua jike na jike hakuacha kujitetea kwa mdomo. Leo wanaishi katika matangi mawili, ubavu kwa ubavu, na ubao katikati. Wote wanaota jua kutwa.

Kinachonifikirisha ni kwamba ndugu zao wa porini wako karibu na kwetu. Houston imekatwakatwa na vijito vya mwendo wa polepole ambavyo wenyeji huviita bayou, na kile kinachopita katikati ya mji, Buffalo Bayou, kina kobe wa aina hiihii. Siku ya jua utawaona wamejipanga juu ya gogo lililoangukia majini, wengine wamepandana mgongoni, bila kung'atana. Ukiwaona hapo utaapa kwamba hawa ni jamaa moja. Umbile lao ni lilelile, hasira zao ni zilezile. Tofauti ni kwamba aliyekaliwa mgongoni kijitoni akichoka, anadondoka majini na kutafuta gogo jingine, na maji yapo kilomita na kilomita. Dume akimchosha jike, jike anakwenda zake. Wanaweza kukaa pamoja kwa kuwa hakuna anayelazimika kukaa.

Hata porini amani hiyo ina mipaka yake. Kobe hawa waliposafirishwa kwa mamilioni kwenda nchi nyingine, wengi waliishia kutupwa mabwawani na wenye kuchoka nao, mpaka Jumuiya ya Ulaya ikapiga marufuku kuwaingiza mwaka 1997. Nchini Ufaransa, Antoine Cadi na Pierre Joly waliwaweka katika mabwawa ya majaribio pamoja na kobe wa asili wa Ulaya, na mwaka 2003 wakaeleza walichokiona: wageni walizitwaa sehemu nzuri za kuotea jua, wenyeji wakasukumwa kwenye zile duni. Hapo tena shida ilikuwa mahali pa kukaa. Ndiyo maana pia anayechoka na kobe wake hapaswi kumwachia kijitoni na kudai amempa uhuru. Amempelekea mwingine ugomvi, pengine na maradhi juu yake.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na mara zote ilitumiwa kuwahukumu mafahali: wale wana kiburi, wale hawasikii, wale hawawezi kujishusha. Siku hizi naisikia tofauti. Haisemi mafahali wabadilishwe tabia. Haisemi waitwe kikaoni wapatanishwe. Inasema hawakai zizi moja, basi. Mfugaji aliyeielewa hatapoteza muda kuwasemesha mafahali. Atachukua panga akakate miti ya kujengea zizi la pili.

Mama yangu aliielewa hivyo kabla yangu. Nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, marehemu baba aliiacha kwa wanawe wote, ila wanaoishi humo ni mama na kaka zangu wawili na familia zao. Ua mmoja, bomba moja, choo kimoja, na mita moja ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla. Wifi yangu mkubwa anauza barafu za ubuyu na maji baridi, na friji lake linakula umeme usiku na mchana. Kaka mdogo ni seremala, anarudi jioni, watoto wake wanahitaji taa tu ya kusomea. Yuniti zikiisha saa tatu usiku, kila mlango unasubiri mlango wa pili ufunguke kwanza. Aliyenunua za elfu kumi jana anaamka leo anakuta zimebaki za kuchajia simu. Likatoka neno kuhusu friji, likajibiwa kwa neno kuhusu watoto, na mwishowe watoto wa huku wakakatazwa kula kwa akina kule.

Baba mdogo aliitisha vikao. Ni msemaji mzuri, Mwenyezi Mungu amempa ulimi. Aliwakumbusha kwamba damu nzito kuliko maji, kwamba baba yao kaburini anasikitika, kwamba ugomvi wa ndugu hufurahisha mahasidi. Kaka zangu walilia, wakakumbatiana, wakasomewa dua. Wiki haikuisha, yuniti zikaisha.

Katika mmoja wa mikutano hiyo kaka mdogo hakusema kitu tangu mwanzo hadi mwisho, na baba mdogo akamsifu kwa adabu. Nilisimuliwa hayo kwa simu, na sikuweza kujizuia kumfikiria dume wetu kwenye kona yake yenye kivuli. Katika familia nyingi tunahesabu amani kwa kuhesabu sauti. Pakiwa kimya tunasema pametulia, na mara nyingi aliyenyamaza ni yule ambaye ameshakata tamaa kwamba zamu yake ya jua itafika. Usuluhishi unaowaambia wote wawili wasameheane sawasawa, huku mmoja yuko juu ya kijukwaa na mwingine yuko chini, humpa haki yule aliyetangulia kupanda.

Mama alisikiliza vikao vyote hivyo akiwa amekaa na kanga yake begani, hakuchangia. Aliponipigia baadaye kuniomba maoni, nilianza kumweleza jinsi ya kuwafanya kaka zangu wapendane kama zamani. Akanikatisha.

"Mwanangu, mimi sijawaomba wapendane. Nimewaomba wasigombane."

Pesa zake za kikoba zilipotoka, alizipeleka kwenye mita ya pili. Sisi tulio mbali tulichangishana choo cha pili na mlango unaotokea barabara ya nyuma, ili kaka mdogo aingie na kutoka bila kupita mbele ya friji la mtu. Fundi akaja, akatoboa ukuta. Baba mdogo alihuzunika. Aliona tunaigawa nyumba ya marehemu. Naelewa uchungu wake. Kwa watu wa umri wake mlango mmoja ndio umoja wenyewe, na kuongeza wa pili ni kutangaza kwamba mmeshindwa.

Lakini Ramadhani iliyofuata futari ilitandikwa kwenye jamvi moja, uani. Wifi mkubwa alipeleka jagi la juisi ya ubuyu upande wa pili kabla hajaombwa. Watoto wanakula popote wanapokutwa na njaa. Sitadai kwamba kaka zangu wamebadilika. Mkubwa bado ni mbishi, mdogo bado ana kinyongo chepesi. Wamebaki walivyo, na sasa kuna nafasi ya kuwa walivyo bila kuumizana.

Binadamu si kobe, najua. Sisi tuna lugha, tuna toba, tuna uwezo wa kumwonea mwenzetu huruma hata akiwa amekalia jua letu. Pia yapo maovu ambayo hayatokani na ufinyu wa nafasi. Mtu anaweza kupewa jumba la vyumba kumi akamnyanyasa mwenzake katika kila chumba, na huyo dawa yake si taa ya pili. Dume wetu alitufundisha hilo vilevile: baada ya kupanga na kupangua, kuna wasioweza kuachwa maji mamoja hata kidogo. Ila nimejifunza mpangilio wa maswali. Kwanza tazama kuna vijukwaa vingapi. Kuna njia ngapi za kutokea. Chakula kinatolewa wapi, na nani hufika wa kwanza. Nani hajaonekana juani siku hizi. Ukishamaliza hayo, ndipo uulize nani ana roho mbaya, na mara nyingi utakuta swali hilo limepungua uzito.

Sababu ya kutoanzia hapo, nadhani, ni bei. Matangi mawili ni pampu mbili, taa nne na bili ya umeme ambayo mume wangu huisoma kwa sauti kila mwezi ili wote tusikie. Mita ya pili ilimla mama akiba yake ya kikoba. Mawaidha hayana bili, ndiyo maana yanatangulizwa, na yakishindwa lawama inawaendea waliopewa mawaidha. Kwa hiyo siku hizi nikialikwa kwenye kikao cha kupatanisha watu, nakwenda, na maneno mazuri nayasikiliza hadi mwisho kwa heshima zote. Kisha nauliza kama tunaweza kupitisha daftari la michango.